Namna ya Kuvuta Tela la Boti kutoka Mkoani hadi Wete kwa Siku Moja

Vilima vya Pemba havina sifa ya urefu. Hakuna hata kimoja kinachofika mita 150 juu ya usawa wa bahari, na mgeni anayeitazama ramani huona kisiwa cha kilomita 67 hivi ambacho, kwa hesabu ya haraka, gari hukimaliza asubuhi moja na kubakisha muda wa kunywa chai. Dereva anayevuta tela huona jambo jengine. Upande huu wa magharibi, ilikopita njia ya Mkoani, Chake Chake na Wete, ardhi imekatwakatwa na mabonde na hori za mikoko, na barabara haitulii: inapanda, inashuka, inapinda, kisha inapanda tena kabla breki hazijapata kupoa. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshushiwa boti ya faiba bandarini Mkoani, anayetaka kuifikisha pwani ya Wete siku hiyo hiyo juu ya tela la ekseli moja.

Wengi wetu tumeyajua matela kwa kutazama video za Wamarekani wanaovuta nyumba zao za matembezi katika milima ya magharibi mwa nchi yao, na si vibaya kujua wao wanapambana na nini. Barabara kuu ya I-70 katika jimbo la Colorado hupita ndani ya handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu thuluthi ya nguvu zake. Ukitoka humo kuelekea magharibi unakutana na mteremko wa asilimia 7 unaoendelea kwa kilomita nyingi, nao umewekewa njia za pembeni zilizojazwa kokoto, ili lori lililokatika breki lipate pa kuingia na kuzama. Kwetu hewa ya Mkoani na ya Wete ni moja, na injini haipungukiwi na kitu. Lakini njia ya kokoto nayo hatuna. Pembeni mwa barabara kuna mtaro, mkarafuu, au baraza ya mtu na watu wamekaa. Kwa hiyo kila uamuzi wa kushuka huku Pemba lazima uwe umekwisha kufanywa kabla ya kufika kileleni.

Anza na maji ya bahari, si na barabara

Saa ya kuondoka Mkoani haipangwi na dereva, inapangwa na bamvua, yaani maji makuu. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji katika pwani zetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kiasi cha saa nne, tena hayapandi sana, na tela linaweza kukuta tope pale ulipotarajia kina cha kuelea boti. Anayetaka kuteremsha boti Wete alasiri ya siku ya bamvua na awe barabarani kufikia saa nne asubuhi. Umbali hauzidi sana kilomita 60, lakini kwa tela, pamoja na vituo vya ukaguzi nitakavyovieleza, panga saa tatu kamili na uongeze saa moja ya akiba.

Siku ya Ijumaa iepuke ikiwezekana. Kuanzia saa sita mchana barabara za Chake Chake hujaa watu wanaoelekea msikitini na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, na gari yenye tela haina njia ya kupenya wala nafasi ya kugeuza. Msimu wa karafuu nao una adabu yake: majamvi ya karafuu huanikwa kando ya barabara, na gurudumu la tela, ambalo halifuati nyayo za gari, ndilo litakalozikanyaga.

Uzito

Sehemu kubwa ya ajali za tela hupikwa wakati wa kupakia. Ichukue boti ya faiba ya mita sita au saba: mwili wake unaweza kuwa na kilo 600, injini ya nguvu farasi 40 iko kwenye kilo 90, tela lenyewe kilo 250. Weka nanga, nyavu na madumu ya petroli, umeshafika tani moja. Sheria ya Uingereza hairuhusu tela lisilo na breki zake kuzidi kilo 750, au nusu ya uzito wa gari inayolivuta ikiwa nusu hiyo ni ndogo zaidi, na hapo wanazungumzia barabara nzuri. Matela yanayochomelewa na mafundi wetu kwa kawaida hayana breki, kwa hiyo kila kilo iliyomo ndani yake inasimamishwa na breki za gari peke yake. Pikapu yenye uzito wa tani mbili iwe ndiyo kiwango cha chini. Gari ndogo ya saluni iliyofungwa ndoano haifai, hata kama iliwahi kulivuta tela hilo tupu.

Ushauri wangu, na wako wanaoubeza kwa sababu unaongeza kazi, ni kuifungua injini ya boti na kuilaza kwenye bodi ya pikapu. Ile injini hukaa nyuma kabisa ya boti, mahali pabaya kuliko pote kwa uzito, na kuihamisha kunakupunguzia kilo 90 za tela na kukuongezea kilo 90 juu ya magurudumu yanayofunga breki. Madumu ya petroli nayo yahamie mbele, yafungwe wima, mbali na jua.

Kisha fungua kizibo cha boti na uache maji yatoke mpaka tone la mwisho. Boti iliyokaa bandarini siku mbili za masika inaweza kuwa na lita 200 ndani ya sakafu yake bila mtu kuona, nazo ni kilo 200 zinazotembea. Ukipanda mlima hukimbilia nyuma na kuinyanyua shingo ya tela, yaani ile sehemu ya chuma inayokalia ndoano ya gari. Ukishuka hurudi mbele na kuikandamiza. Hakuna ufungaji wa kamba unaoweza kuyazuia.

Shingo hiyo inatakiwa ikandamize ndoano kwa uzito ulio kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wote. Kwa tani moja ni kilo 70 hadi 100. Hili halipimwi kwa jicho wala kwa mtu kuinyanyua na kusema "inatosha". Tafuta mizani ya sahani, ile inayopimiwa magunia ya karafuu, weka juu yake kipande cha mbao chenye urefu sawa na ndoano ya gari, ulaze shingo ya tela juu ya mbao hiyo tela likiwa limesimama mlalo, kisha soma. Ukikuta kilo 30, isogeze boti mbele kwa kiasi cha shubiri moja na upime tena. Ukikuta kilo 150, irudishe nyuma. Shingo nyepesi ndiyo inayolifanya tela lianze kuyumba kushoto na kulia, na kuyumba huko kukishika kasi ya kutosha hukupindua pamoja na gari.

Kufunga boti

Boti isifungwe kwenye gari hata kwa kamba moja, ifungwe kwenye fremu ya tela tu. Mkanda mmoja upite juu ya mwili nyuma ya katikati, mwengine mbele, na pua ishikwe kwa mnyororo mfupi unaovuta mbele na chini, kwa sababu kwenye milima boti hutaka kuteleza nyuma. Kamba ya plastiki ya bluu hulegea ikipata jua na mtikisiko. Kama ndiyo uliyo nayo, utaikaza tena njiani. Chini ya kila mkanda unaogusa faiba weka kipande cha gunia.

Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya shingo ya tela, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia. Wengi huifunga sambamba kwa sababu inaonekana nadhifu. Ikipishana, shingo ikichomoka kwenye ndoano huangukia juu ya minyororo na kubakia hapo. Isipopishana, huanguka chini na kuchoma lami. Jaribu taa zote mtu akiwa nyuma anakuambia anachokiona, na usiondoke kwa ahadi kwamba fundi wa Chake ataziangalia.

Magurudumu ya tela la boti yana maradhi yake. Huzamishwa baharini, kwa hiyo nati hushika kutu, beringi huingiwa na chumvi, na mpira hupasuka ubavuni kabla kashata yake, yaani meno yanayokanyaga barabara, haijaisha. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2314 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hiyo usiende nayo mlimani hata ikiwa inang'aa. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Kupanda kutoka bandarini

Mkoani haikupi muda wa kuzoea. Barabara inayotoka bandarini inaanza na mlima, tena katikati ya mji, watu wakishuka na mizigo na vespa zikipenya. Usiingie mlima huo nyuma ya gari jengine. Subiri chini mpaka njia iwe wazi, tia gea ya kwanza au ya pili na upande bila kubadilisha, kwa mwendo mdogo usiokatika. Gari inayobadilishwa gea katikati ya mlima hupoteza mwendo papo hapo, na tela huivuta nyuma.

Ikilazimu kusimama mlimani, utingo ashuke na aweke kabari mbili nyuma ya magurudumu ya tela kabla hujaachia breki ya mguu. Kabari ziwe za mbao ngumu, zenye kamba ya kuzivutia, naye asimame pembeni mwa tela, asikae nyuma yake hata kwa sekunde. Kuondoka tena kunahitaji hendibreki: iache imefunga, achia klachi taratibu mpaka usikie injini inaanza kubeba, ndipo uiachie hendibreki. Katika gari ya otomatiki jambo ni jepesi, ila mshale wa joto uangaliwe. Ukiona unapanda kuliko kawaida yake, zima kiyoyozi, simama mahali palipo sawa, acha injini iendelee kuzunguka taratibu, wala usifungue kifuniko cha rejeta.

Kushuka

Hapa ndipo penye safari yote. Pikapu ya tani mbili na tela la tani moja, vikishuka mita 60 tu kwa wima, hutoa joto ambalo likiingia lote kwenye breki lingetosha kuchemsha lita 6 za maji. Mteremko mmoja breki huuvumilia. Unapokuja wa pili na wa tatu kabla ya chuma kupoa, dramu hutanuka na kujitenga na bitana, yaani ule utando unaoisugua ili gari isimame, na mafuta ya breki nayo hukaribia kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango hicho huporomoka hadi nyuzi 155. Katika kisiwa chenye unyevu kama hiki, mafuta ambayo hayajabadilishwa kwa miaka miwili ni mafuta yaliyonyonya. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hausukumi kitu: pedeli inazama mpaka chini na gari inaendelea.

Dawa yake ni kuiacha injini ifanye kazi ya kushikilia. Kabla ya kilele, ukiwa bado unapanda, tia gea ile ile ambayo ungeitumia kuupanda mteremko ulio mbele yako, kwa kawaida ya pili, mara nyengine ya kwanza. Gari nyingi za otomatiki zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani zina kitufe cha O/D, yaani gea ya juu ya mwendo kasi, ubavuni mwa mkono wa gea. Kibonye mpaka taa ya O/D OFF iwake, kisha vuta mkono hadi 2, na kwenye mteremko mkali hadi L. Injini itanguruma kwa sauti ya juu. Iache ingurume, haidhuriki ilimradi mshale wa mizunguko haujagusa alama nyekundu.

Mguu wa breki utumike kwa vipindi. Tuseme umejiwekea kilomita 35 kwa saa: ukifika 35, funga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka 25, kisha ondoa mguu kabisa na uache mwendo upande wenyewe. Kuuweka mguu juu ya pedeli kidogo kidogo kutoka juu mpaka chini kunaonekana ni uangalifu, kumbe ndiko kunakozichoma breki, kwa sababu hazipati hata sekunde ya kupoa. Kamwe usiweke gea huru ili kuokoa mafuta. Huko ni kuiambia tani moja ya boti ikusukume inavyotaka.

Ukisikia harufu kali ya bitana, au pedeli ikianza kuwa laini, shuka gea moja zaidi, tafuta mahali palipo sawa, simama kwa kabari na upumzike nusu saa. Usimwagie breki maji, chuma chenye moto hupasuka.

Kona, mitaro na watu

Tela halipiti pale gari ilipopita. Linakata ndani ya kona. Kwetu tunaendesha kushoto, hivyo kwenye kona ya kushoto gurudumu la kushoto la tela litatafuta mtaro, na kwenye kona ya kulia tela litaingia upande wa wanaokuja. Kona ya kushoto ichukue ukiwa umesogea kulia kadiri mstari unavyoruhusu, na upinde usukani umechelewa kidogo. Kona ya kulia kaa kushoto kabisa, bila kukanyaga ukingo wa lami, kwa sababu udongo mwekundu wa pembeni baada ya mvua hauna mshiko wowote, na gurudumu moja la tela likishuka huko huvuta mengine.

Gari za ng'ombe, baskeli zenye majani ya ng'ombe na wanafunzi wanaotoka skuli huchukua nusu ya njia, nao wana haki hiyo. Baada ya kuwapita, usirudi kushoto mpaka umeiona pua ya baskeli katika kioo cha kushoto, nyuma ya mwisho wa boti. Magari yaliyojipanga nyuma yako yape nafasi: kila ukipata uwazi, ingia pembeni uyapitishe. Dereva wa daladala aliyechoka kusubiri atakupita kwenye kona, na kosa lake litakuwa tatizo lako.

Tela likianza kuyumba, usifunge breki za gari na usipigane nalo kwa usukani. Shika usukani mnyoofu kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, na uache mwendo ufe wenyewe. Likitulia, simama utafute sababu; takriban kila mara ni kitu kilichohamia nyuma, tairi iliyopungua upepo, au mwendo uliozidi.

Vituo viwili vya lazima

Simama Mtambile hata kama hakuna kilichokusumbua. Zunguka tela lote, kaza mikanda, kisha weka kiganja juu ya kitovu cha kila gurudumu la tela. Joto la kawaida ni lile ambalo mkono unalivumilia bila shida. Ukilazimika kuuondoa mkono upesi, beringi imekauka grisi au imekazwa kupita kiasi, na ukiendelea nayo itajikamata kabla ya Chake. Upande mmoja ukiwa na moto kuliko mwengine, jibu ni hilo hilo hata kama mkono unavumilia.

Kituo cha pili kiwe baada ya Chake Chake, upande wa Gombani, palipo na nafasi ya kuegesha bila kumzuia mtu. Hapo nati za magurudumu zikazwe kwa spana, kwa sababu nati zilizofungwa asubuhi hukaa vizuri baada ya mtikisiko wa njia na kuacha uwazi. Mji wenyewe upitwe bila kusimama. Ukikosea njia ndani ya mitaa yake, usigeuze. Endelea mbele mpaka upate uwanja.

Kurudi nyuma kunahitaji jambo moja tu la kukumbuka: shika usukani kwa chini, na mkono wako uende upande unaotaka tela liende. Ukiona limepinda zaidi ya unavyotaka, usijaribu kulirekebisha kwa kuzidi kurudi. Vuta mbele mita tano, linyooke, uanze upya.

Wete

Barabara ya kuteremka bandarini Wete ni mteremko wa mwisho, na dereva huufikia amechoka na breki zina moto. Usiende moja kwa moja majini. Beringi yenye moto ikizamishwa ghafla, hewa iliyomo ndani hujikunja na kunyonya maji ya chumvi kupitia sili yake, na ndani ya wiki chache itakuwa imeliwa. Egesha juu nusu saa. Chomoa waya wa taa za tela, funga kizibo cha boti, fungua mikanda yote isipokuwa mnyororo wa pua, kisha urudi nyuma taratibu mpaka maji yafike kwenye vitovu, si zaidi. Bamvua likijaa vizuri, boti itaelea yenyewe kwa kusukumwa na watu wawili.

Ukishalitoa tela, lioshe kwa maji baridi ya mfereji, hasa vitovu, nati na minyororo. Kurudi Mkoani na tela tupu ni kwepesi kwa injini na kugumu kwa tela: halina uzito wa kulituliza, hurukaruka kwenye kila shimo, na nati zake hulegea upesi kuliko wakati wa kwenda. Kama magharibi imekukuta Wete na taa za tela zimeingia maji, lala huko, uondoke asubuhi.